Bunduki Kuukuu na Mkono wa Mtunzaji

Mkulima hulijua jembe lake kwa uzito wa mpini, na karani huijua kalamu yake kwa jinsi inavyoteleza juu ya karatasi. Kila mtu anayekula kwa jasho lake anafahamu kwamba chombo cha kazi hakimtumikii mtu asiyekitumikia. Jembe likiachwa shambani wakati wa masika huliwa na kutu, na kalamu isiyooshwa huziba kwa wino wake wenyewe. Hasara ya jembe ni tuta moja lisilolimwa. Hasara ya kalamu ni barua moja iliyochelewa. Lakini kiko chombo kimoja ambacho uzembe wa mwenyewe huweza kulipwa kwa damu, nacho ni bunduki.

Katika Garissa, na katika Kaskazini Mashariki ya Kenya yote, bunduki si kitu kigeni. Mji wa Garissa umejengwa kando ya mto Tana, katika nchi tambarare yenye jua kali. Mtu akiuacha mto nyuma yake na kuelekea mashariki, hukutana na mchanga, vichaka vya miiba, migunga iliyotawanyika, na vumbi ambalo huingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli. Mvua hunyesha majira mawili tu, nayo ni haba. Akizidi kwenda kusini na mashariki, kuelekea Ijara na msitu wa Boni, hewa hubadilika, kwa kuwa upepo wa bahari huleta unyevu. Kwa hivi bunduki iliyomo katika nchi hiyo ina adui wawili: vumbi la bara na unyevu wa pwani. Adui hao hawapigi kelele wala hawaonekani kwa mbali. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Zamani nchi hiyo ilipoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo mgeni hakuweza kuiingia bila ya ruhusa ya Serikali, walikuwapo askari wa kabila walioitwa Dubas. Walivaa nguo nyeupe na vilemba vyekundu, wakapeleka barua, wakalinda visima, na kufuata nyayo za wezi wa mifugo kwa siku nyingi. Mabwana Nyama nao walizunguka na bunduki zao, na mmoja wao aliyejulikana duniani kote alikuwa George Adamson, aliyeingia katika Idara ya Wanyama mwaka 1938. Wawindaji wenye leseni walikuja pia kutoka nchi za mbali. Wengi wao walipenda bunduki za kufungwa na kufunguliwa kwa mkono, au zile za mitutu miwili. Lakini ilikuwapo pia aina nyingine iliyokwisha kuanza kuuzwa huko Marekani tangu mwaka 1906, iliyobuniwa na John Browning na kutengenezwa na kampuni ya Remington: bunduki ya kuwindia inayojipakia yenyewe. Mwenye kuifyatua hakuwa na haja ya kuvuta kitu baada ya kila risasi; nguvu ya risasi yenyewe ilifanya kazi hiyo.

Baadaye mambo yaligeuka. Kati ya mwaka 1963 na 1967 nchi hiyo iliteswa na vita vya Shifta, na baada ya vita hivyo silaha nyingi zilibaki katika mikono isiyofaa. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na bunduki ya mwindaji ikakosa kazi yake ya zamani. Walakini ujangili haukukoma. Mwezi wa Agosti mwaka 1989 George Adamson mwenyewe, pamoja na wasaidizi wake wawili, aliuawa kwa risasi huko Kora, upande wa juu wa mto Tana. Mwaka uo huo Shirika la Wanyamapori la Kenya liliundwa kwa sheria. Tangu hapo, bunduki iliyokuwa ikimfuata mnyama ili kumwua imekuwa ikimfuata ili kumlinda, na bunduki nyingine zimekabidhiwa askari wa akiba wa polisi, yaani wanakijiji waliojitolea kulinda watu na mifugo mahali ambapo kituo cha polisi ki mbali.

Silaha walizopewa askari hao wa akiba mara nyingi ni kuukuu. Ziko za aina mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni ile ya Kiingereza, Lee-Enfield ya .303, ambayo wenyeji huiita Mark Four. Hii hufunguliwa na kufungwa kwa mkono kila mara, na huchukua risasi 10. Ya pili ni G3, ambayo asili yake ni kazi ya mafundi wa Kijerumani waliokwenda Hispania baada ya Vita Kuu ya Pili, na ambayo jeshi la Ujerumani Magharibi liliichagua mwaka 1959. Hii hujipakia yenyewe, huchukua risasi 20 katika magazini yake, na uzito wake unapita kilo 4 hata kabla ya kutiwa risasi. Kando ya kifyatuo chake, juu ya nyingi ya hizo, zimeandikwa herufi tatu: S, E, na F. Herufi hizo ni za Kijerumani. S ni usalama, E ni risasi moja moja, na F ni mfululizo. Mlinzi mwenye busara huzijua mbili za kwanza, na ya tatu huiacha kama mtu aachavyo chumba cha nyumba ya watu.

Watu wengi hudhani kwamba kutunza bunduki ni kuipaka mafuta. Dhana hiyo imeharibu bunduki nyingi kuliko vita. Chukua mfano wa .303 ya zamani. Fataki za risasi zake za miaka ile zilitiwa dawa ambayo ikiwaka huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi iliyo ndugu wa ile ya mezani. Chumvi hii huvuta unyevu kutoka hewani usiku, na asubuhi kutu imekwisha kuanza kuula mtutu. Mafuta hayawezi kuiyeyusha chumvi. Huifunika tu, nayo huendelea na kazi yake chini ya mafuta kama mchwa chini ya mkeka. Dawa yake ni maji. Ndiyo sababu askari wa zamani walifundishwa kumimina maji ya moto yanayochemka ndani ya mtutu, kutoka upande wa nyuma, kisha kuukausha kwa kitambaa mpaka kitambaa kitoke kikavu, na ndipo kuupaka mafuta kidogo. Maji huondoa chumvi, na joto la maji huukausha mtutu upesi. Anayeanza na mafuta ameanza mwisho.

Risasi za G3 kwa kawaida hazina chumvi hiyo, na kwa sababu hii wako vijana wanaosema kwamba bunduki hiyo haihitaji kusafishwa. Hapana budi kueleza jinsi inavyofanya kazi, ili msomaji aone kosa la maneno hayo. Risasi ifyatuliwapo, moshi wa baruti husukuma risasi mbele na ganda nyuma. Nyuma ya ganda liko komeo, yaani kipande cha chuma kifungacho chumba cha risasi. Komeo hilo lina rola mbili ndogo, kulia na kushoto, zilizojibana katika mashimo yake. Kabla ya komeo kurudi nyuma, rola hizo lazima zisukumwe ndani, nazo hukataa kidogo, kama mlango ambao mtu mmoja anausukuma na mwingine ameuegemea. Kukataa huko ni kwa kitambo kidogo mno, lakini kunatosha risasi kutoka mdomoni mwa mtutu. Kisha komeo hurudi, hulitupa ganda nje, husukumwa mbele na springi, na kuchukua risasi nyingine.

Sasa liko jambo moja ambalo halionekani kwa macho ya haraka. Ganda huanza kutolewa wakati moshi bado una nguvu, na kama chumba cha risasi kingekuwa laini tupu, ganda lingegandamana nacho. Kwa hiyo mafundi walichonga mifereji 12 myembamba ndani ya chumba, ili moshi upite kandokando ya ganda na kulielekeza nje. Ndiyo sababu ganda la G3 likiokotwa chini huwa na mistari myeusi pande zote. Lakini mifereji hiyo hiyo ndiyo inayokusanya masizi, na moshi unaorudi nyuma huchafua komeo na nyumba yake. Mifereji ikijaa, ganda hukwama. Bunduki iliyokwama ganda ni fimbo nzito.

Katika kijiji kimoja upande wa mashariki wa mji wa Garissa alikuwapo mzee mmoja, askari wa akiba, aliyekuwa amepewa G3 iliyozeeka kiasi kwamba rangi yake nyeusi ilikuwa imekwisha mahali mkono unaposhika, na chuma kikang'aa kama fedha. Vijana walimwita Adeer, kama desturi ya Wasomali ya kumwita mtu mzima baba mdogo. Mzee huyo hakupata kusoma shule, lakini kazi yake aliijua kwa utaratibu kama karani ajuavyo majalada yake. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, hata kama bunduki haikufyatuliwa juma lote, alitandika turubai chini ya mti, akaondoa watoto na mbuzi, akamwita mtoto wa ndugu yake, ambaye naye alikuwa ametiwa katika akiba karibuni, aje atazame.

Jambo la kwanza halikuwa kusafisha. Lilikuwa kuondoa magazini na kuiweka mbali. Kisha kuvuta mkono wa bunduki nyuma na kuupandisha katika pengo lake ili komeo libaki wazi. Kisha kutazama ndani ya chumba cha risasi. Kisha kutia kidole ndani. Kijana aliuliza, "Adeer, umekwisha kutazama kwa macho. Kidole cha nini?" Mzee alijibu, "Mwanangu, jicho huona linalotaka kuona. Kidole hakina tamaa." Aliyafanya hayo hata kama bunduki ilikuwa imetolewa mikononi mwake saa moja kabla. Bunduki isiyo na risasi imewaua watu wengi, kwa kuwa waliosema haina risasi hawakutazama.

Baada ya hapo alisukuma pini mbili za kitako zikatoka, akazitia katika matundu madogo ya kitako yaliyowekwa kwa ajili yake, ili zisipotee mchangani. Kitako kilitoka pamoja na springi yake ndefu. Sehemu ya kifyatuo ikashushwa. Komeo likavutwa nje kwa nyuma. Aligeuza kichwa cha komeo kikatoka, akatoa kipande kinachosukuma rola, na pini ya kufyatulia na springi yake, akavipanga vyote juu ya turubai kwa utaratibu wa kutoka kwake, kutoka kushoto kwenda kulia. Wakati wa kurudisha alianza kulia kwenda kushoto. Kwa njia hiyo mtu asiyejua kusoma aliandika sentensi ndefu ya chuma na kuisoma kinyume bila ya kukosa neno.

Mtutu aliusafisha kwa kamba yenye burashi, na baadaye kamba yenye kitambaa, akivuta kutoka chumba cha risasi kuelekea mdomoni, njia ile ile ipitayo risasi. Hakupata kuvuta kinyume. Sababu yake ni kwamba mdomo wa mtutu ndio unaoipa risasi neno la mwisho. Ukikwaruzwa na kamba yenye mchanga, risasi huanza kwenda kombo, na mwenye bunduki hulaumu macho yake. Ziko bunduki za kuwindia zinazojipakia ambazo haziwezi kusafishwa kutoka nyuma kwa sababu nyuma yake imezibwa. Hizo wenye akili huzisafisha kwa fito ya shaba iliyozungushiwa kizuizi mdomoni, isiguse kuta. Kisha mzee alichukua burashi fupi ya chumba cha risasi na kuizungusha ndani polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyotumia kwa mtutu wote. Kijana alichoka kutazama. Mzee alihesabu mifereji kwa mdomo, moja mpaka 12, kana kwamba anahesabu ngamia wakiingia zizini.

Masizi ya komeo aliyalainisha kwa mafuta ya taa kidogo, akayafuta, akaacha chuma kikauke kabisa. Mafuta ya bunduki aliyatia kwa ncha ya kidole mahali chuma kinaposuguana na chuma tu, na hapo pia aliyafuta mpaka ukabaki mng'ao bila ya umajimaji. Chumba cha risasi alikiacha kikavu kabisa. Walikuwapo wenziwe waliopaka samli, au mafuta ya kupikia, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu. Mafuta hayo huganda baada ya siku chache na kuwa kama gundi. Wengine walimwaga mafuta halali ya bunduki, lakini kwa wingi, wakadhani wingi ni upendo. Katika nchi ya vumbi mafuta mengi huvuta mchanga, na mchanga ukichanganyika na mafuta huwa dawa ya kusagia chuma, ile ile ambayo mafundi hutumia kwa makusudi. Katika nchi ya Boni, yenye unyevu, mafuta huongezwa kidogo na ukaguzi huwa wa kila siku. Mtunzaji hutazama nchi kwanza, ndipo achukue chupa.

Mwisho alizitoa risasi zote katika magazini, akazifuta moja moja kwa kitambaa kikavu, akatazama kama iko iliyopinda au yenye kutu ya kijani, akapangusa magazini ndani, na kuchungulia midomo yake ya juu. Midomo ya magazini ikipindwa kidogo tu, kwa kuangushwa juu ya jiwe au kutumiwa kufungulia chupa, risasi hupanda upande na bunduki hukwama, na mwenye bunduki atalivua komeo zima akitafuta ugonjwa ambao haumo ndani yake. Kisha alizihesabu risasi kwa sauti, kijana akisikia, na hesabu hiyo ilikuwa lazima ilingane na ile iliyoandikwa katika kitabu cha kituo cha polisi.

Kijana alijifunza, lakini rafiki yake waliyeingia pamoja katika akiba hakutaka. Yeye aliifunga bunduki yake kwa kitambaa kizuri, akaing'arisha nje kwa mafuta ya nywele, ikawa inapendeza machoni. Ndani hakupata kuifungua. Kiangazi kimoja, wezi wa mifugo walifika usiku katika boma la ngamia alilokuwa akililinda. Alifyatua risasi moja hewani kuwaonya, kama alivyofundishwa. Risasi ya pili haikutoka. Ganda la kwanza lilikuwa limeshika chumbani, na komeo limekwama nusu ya safari yake. Alivuta kwa mikono miwili, akapiga kwa jiwe, gizani, huku wenziwe wakimwita kwa jina. Wezi waliposikia kimya walijua maana yake. Walipiga risasi, mvulana mchungaji akajeruhiwa paja, na ngamia 19 wakaondoka.

Nyayo zilifuatwa siku 2, na ngamia 6 wakapatikana. Mvulana alipona, lakini mguu wake haukurudi kama ulivyokuwa, na kazi ya kuchunga ilimshinda. Familia ile iliyokuwa ikiwagawia jirani maziwa ilipokea maziwa kutoka kwa jirani kiangazi chote. Bunduki ilipopelekwa kwa fundi wa ghala ya silaha, aliitoa ganda kwa fito, akatia burashi katika chumba, na kilichotoka kilikuwa tope gumu jeusi lenye chembe za mchanga. Hakukuwa na kitu kilichovunjika. Kazi ambayo ingechukua nusu saa ya Ijumaa moja ilikuwa imegharimu ngamia 13 na mguu wa mtoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ziko kuta nyingine ambazo hazijengeki tena.

Wazee walipoketi kulizungumza jambo hilo, wengine walitaka kijana yule anyang'anywe silaha, na wengine walisema kosa ni la bunduki kuukuu, na kwamba Serikali ilipaswa kutoa mpya. Mzee wa Ijumaa aliomba kusema. Alisema, "Bunduki yangu ni kuukuu kuliko ile. Bunduki mpya katika mkono mchafu ni kuukuu baada ya mwezi mmoja." Akaongeza kwamba asinyang'anywe kijana, bali afundishwe; na tangu siku ile vijana wawili waliketi juu ya turubai badala ya mmoja.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa habari ya chuma tu. Lakini bunduki ina usafi mwingine ambao burashi haiufikii. Mwaka uliofuata ulizuka ugomvi juu ya kisima baina ya ukoo wa mzee na ukoo wa jirani. Maneno yalikuwa makali, na fimbo zilikwisha kuinuliwa. Usiku watu wa ukoo wake walimwendea, wakamwambia kwa heshima, "Adeer, bunduki yako ndiyo pekee isiyokwama katika nchi hii. Kesho tutaihitaji kisimani. Kama wewe umechoka, mpe kijana." Hapo ndipo ilipoonekana hatari ya kazi njema. Kwa miaka mingi alikuwa ameifanya bunduki ile iwe tayari wakati wowote. Sasa walikuja watu waliotaka utayari wake bila ya dhamiri yake. Bunduki safi haina macho. Humtumikia mlinzi, na humtumikia mwenye hasira, kwa uaminifu ule ule.

Mzee hakubishana nao. Alimwita kijana alete kitabu kidogo cha hesabu, akamwambia asome kwa sauti idadi ya risasi, tarehe ya kukabidhiwa na namba ya bunduki. Kisha alisema, "Hii si bunduki ya ukoo. Ukoo haukuinunua, wala hauna namba katika kitabu hiki. Nimeisafisha kwa ajili ya mtoto wa kila mtu, na jirani zetu wana watoto. Atakayeitaka kisimani aende akaiombe kituoni, aandike sababu yake." Kulipokucha alitembea na bunduki mpaka kituo cha polisi, akaikabidhi kwa muda, risasi zote zikahesabiwa, akapewa karatasi. Alipofika kisimani hakuwa na kitu mkononi ila bakora. Wazee wa koo mbili walizungumza siku 3, zamu za kunywesha zikapangwa upya, na hakuna aliyezikwa. Wako waliomwita mwoga. Hakuwajibu, na Ijumaa iliyofuata alikwenda kuichukua bunduki yake na kutandika turubai.

Kutoka katika habari za mzee huyo watu wa kazi zote wanaweza kuchukua mafundisho. Usalama hauanzi siku ya hatari. Vumbi haliji kwa mkupuo mmoja, huja chembe kwa chembe. Kwa hiyo na dawa yake si jitihada moja kubwa bali mazoea madogo yasiyokatika. Karani anayeweka jalada mahali pake kila jioni, na mkulima anayefuta jembe kabla ya kulitundika, wamo katika kazi ile ile. Aidha, chombo cha umma hakigeuki kuwa mali ya mtu kwa sababu amekitunza vizuri. Kukitunza ni amana, na amana ina hesabu.

Hata wanyama wa porini wanahusika. Mpakani mwa Kenya na Somalia, katika nchi ya Garissa, anaishi hirola, swala ambaye kwa asili haishi mahali pengine popote duniani ila huko na katika sehemu chache jirani. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kuwa karibu 14,000. Siku hizi hawakadiriwi kufika 500. Maradhi, ukame, kupungua kwa malisho na wanyama wakali vimewapunguza, pamoja na silaha za majangili. Katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, huko Ijara, wenyeji wenyewe wamejitwika ulinzi wao, na mwaka 2012 ulikamilishwa uzio wa kuwakinga hirola kadhaa wasiliwe na simba na mbwa mwitu. Babu za walinzi wa leo waliwaona Wazungu wakija na bunduki kutafuta pembe za ukutani. Wajukuu wanazunguka ili pembe hizo zibaki vichwani mwa wenyewe. Kazi imegeuka, lakini mchanga ni ule ule, na chuma ni kile kile, na uvivu ni ule ule.

Basi mwenye kukabidhiwa silaha, iwe kuukuu au mpya, yampasa aijue mpaka ndani yake, aitazame tupu kabla ya kuigusa kwa kazi yoyote, aisafishe kwa njia ipitayo risasi, aikaushe kabla ya kuipaka, apake kidogo, ahesabu risasi zake mbele ya shahidi, na aifungie mbali na watoto na mbali na hasira, ya wengine na yake mwenyewe. Na asiye na silaha, ambaye ndiye mtu wa bahati zaidi, na atazame chombo alichokabidhiwa yeye. Kutu haichagui kati ya bunduki, jembe na mashine ya chapa. Huingia popote ambapo mkono wa mtunzaji umelegea.